Tuujue Ubongo Kabla ya Kumhukumu Mgonjwa



Zipo hukumu nne ambazo hutolewa majumbani mwetu kwa wepesi mno, huku Isiolo kama vile huko pwani. Mzee akiamka mkono umelegea na mdomo umekwenda upande, husemwa amepitiwa na upepo mbaya. Kijana aliyekuwa mpole, akaanguka na bodaboda, kisha akawa mkali kwa mkewe, husemwa ameharibika tabia. Bibi anayemtuhumu mkaza mwana wake kuwa amemwibia leso, husemwa ana chuki. Na mtoto anayeshikwa na homa, akakakamaa na kugeuza macho, husemwa amepitiwa na dege.

Hukumu hizi zina kasoro moja. Zote hutolewa kabla ya kukitazama kiungo ambacho ndicho kinachoendesha harakati zetu, hisi zetu, kumbukumbu zetu na hulka zetu. Kiungo hicho ni ubongo. Mara nyingi anayelaumiwa ni mgonjwa, na anayedhaniwa kupagawa ni mtu ambaye sehemu maalumu ya ubongo wake imekosa damu, imepondeka au imechakaa. Na hukumu ya makosa haiishii kwenye maneno. Hupoteza saa za matibabu, huvunja ndoa, na humfanya mzazi amalizie umri wake akikaripiwa.

Kwa hiyo tumeona vyema kuueleza ubongo huu na mgawanyo wa kazi zake kwa lugha ya nyumbani, ili kila familia ijue ni nini hasa kinachomsibu mtu wao.

Mji wenye mitaa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu ambazo mwili hutumia unapokuwa umetulia. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari kwa umeme hafifu na kwa kemikali. Kwa kuwa hauna ghala kubwa la akiba, ubongo hutegemea damu ije kila dakika. Damu ikikatika, seli huanza kufa.

Ufananishe ubongo na mji wenye mitaa. Kila mtaa una kazi yake mashuhuri, lakini hakuna mtaa unaojitosheleza, kwani barabara huuunganisha huu na ule. Mtaa mmoja ukiungua, kazi ya mtaa ule ndiyo hukwama kwanza, ilhali mingine yaweza kuendelea kama kawaida. Ndiyo maana mtu huweza kupoteza usemi na asipoteze fahamu, au akasahau jina la mjukuu wake na asisahau kuswali.

Fikra ya kuwa kazi za ubongo zimegawanyika si ngeni kwa wanazuoni wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kuwa sura za mambo tunayoyahisi hupokelewa mbele ya ubongo, fikra huwa katikati, na hifadhi huwa nyuma. Yeye, kama matabibu wa zama zake, aliziweka nguvu hizo katika vyumba vya majimaji vilivyomo ndani ya ubongo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa kazi hufanywa na nyama ya ubongo yenyewe, na ramani yake ni nyingine. Lakini msingi alioushika, kuwa mahali tofauti pana kazi tofauti, umethibiti.

Harakati: mkono, mguu na ulimi

Juu ya ubongo upo utepe unaopita kama ukanda kutoka upande wa sikio moja hadi upande wa sikio la pili. Utepe huo ndio unaotoa amri ya harakati. Kila kipande chake kina kiungo chake, na vidole na midomo vimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima, kwa kuwa kazi zake zahitaji ustadi zaidi. Amri ikitoka hapo hushuka, na inapofika kwenye shina la ubongo, karibu na shingo, sehemu yake kubwa huvuka upande wa pili. Basi upande wa kushoto wa ubongo huuendesha mkono wa kulia, na upande wa kulia huuendesha mkono wa kushoto.

Hapa ndipo tunapoelewa kiharusi. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka upande wa kushoto wa ubongo, mkono na mguu wa kulia hulegea, uso huanguka upande huo, na mara nyingi ulimi nao hukwama. Kinachowasababishia watu wengi maradhi haya ni shinikizo la damu lililokaa miaka bila kutibiwa, kisukari, na uvutaji wa tumbaku.

Kuhusu usemi, mwaka 1861 mjini Paris tabibu Paul Broca alimchunguza mtu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, «tan», ilhali alifahamu kiasi kikubwa cha alichoambiwa. Mtu yule alipofariki, Broca alilikuta jeraha upande wa kushoto wa mbele wa ubongo wake. Tangu hapo ikajulikana kuwa kutamka na kufahamu si kitu kimoja.

Jambo hili lina adabu yake nyumbani. Mgonjwa wa kiharusi aliyeshindwa kusema asidhaniwe hasikii. Zipo nyumba ambamo wana hujadili mirathi wakiwa wamesimama kitandani pa baba, naye anayafahamu maneno yote ila hana ulimi wa kujibu. Zungumza naye kwa upole, kwa sentensi fupi, umpe muda. Muulize maswali ambayo atayajibu kwa kutikisa kichwa au kukubana kiganja.

Chini ya kisogo upo ubongo mdogo. Kazi yake ni mizani na mpangilio: kutembea bila kuyumba, kupeleka kikombe mdomoni bila kumwaga, kuinuka kutoka kwenye sijda bila kuanguka. Ukidhurika, mtu huyumba na maneno yake huburura. Wako wacha Mungu waliosingiziwa ulevi kwa sababu hii, na kinywa chao hakijaonja kileo.

Na katika kina cha ubongo zimo seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, inayolainisha harakati. Zikipungua, huja maradhi ya Parkinson: mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, sauti hufifia, na uso hukauka usionyeshe tabasamu. Mke humwona mumewe amenuna mwezi mzima, na kumbe misuli ya uso ndiyo iliyokataa kutii. Dawa za maradhi haya zipo, na humrudishia mgonjwa sehemu kubwa ya wepesi wake.

Hisi: kugusa, kuona na kujua upande

Nyuma ya utepe wa harakati upo utepe wa hisi, nao hupokea habari za kugusa, joto, baridi na maumivu kutoka mwili mzima. Tabibu Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal huko Kanada, aliuchora utepe huu kwa njia ya ajabu. Aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa nyama ya ubongo yenyewe haihisi maumivu. Alipougusa kwa umeme hafifu mahali fulani, mgonjwa alisema anahisi kitu kidoleni. Alipousogeza kidogo, alisema anahisi mdomoni.

Kuona kumewekwa nyuma kabisa, kisogoni. Ndiyo sababu mtu huweza kupigwa kisogo akapungukiwa na uoni, na macho yake yakikaguliwa yakaonekana mazima. Kusikia kuko pande mbili, karibu na masikio.

Lakini ipo hali moja ambayo familia nyingi huikosea. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, sehemu ya juu kuelekea nyuma, mgonjwa huweza kuusahau kabisa upande wa kushoto wa dunia. Macho yanaona, ila akili haiugeukii upande ule. Ukimpa sahani ya wali atakula nusu ya kulia, nusu ya kushoto ataiacha, kisha atalalamika kuwa hakushiba. Atavaa kanzu mkono mmoja. Akitawadha, ataosha mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto. Mtu asiyejua humwita mkaidi au mvivu. Dawa ya mwanzo nyumbani ni kumgeuzia sahani, kumsemesha kutoka upande ule anaousahau ili ajifunze kuugeukia, na kumwondolea kila kitu cha hatari upande huo, hususan jiko la makaa.

Kumbukumbu: bibi na leso yake

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande una kiungo kidogo kilichojipinda, kiitwacho hipokampasi. Kazi yake ni kuyageuza mambo ya leo yawe kumbukumbu za kesho. Umuhimu wake ulidhihirika kwa msiba wa Henry Molaison, kijana wa Kimarekani aliyepasuliwa mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Alikutana na watafiti wale wale kwa miongo mingi, na kila mara walikuwa wageni kwake. Mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka. Na zaidi ya hayo, aliweza kujifunza kazi mpya ya mkono, siku baada ya siku akizidi ustadi, huku akisema hajawahi kuifanya.

Hapo pana fundisho: kumbukumbu si sanduku moja. Kumbukumbu ya tukio la asubuhi iko mbali na kumbukumbu ya ujuzi uliozoewa. Maradhi ya Alzheimer, ambayo ni sababu kuu ya wazee kupoteza kumbukumbu, kwa kawaida huanza kwenye hipokampasi na jirani zake. Ndiyo maana bibi husahau kama amekula, huuliza swali lile lile mara tano, na bado huisoma Alhamdu bila kukosea na kurukuu kama alivyofundishwa akiwa mtoto. Yaliyopandwa mapema na kurudiwa maisha yote hung'oka mwisho.

Sasa turudi kwenye leso. Bibi ameificha chini ya godoro isipotee, kisha amesahau kuwa ameificha. Leso haipo mahali pake, na ubongo unatafuta maelezo. Maelezo yaliyo karibu ni kuwa imechukuliwa, na aliye karibu ni mkaza mwana. Hakuna chuki hapo wala uchawi. Mkaza mwana akibishana naye, bibi atazidi kukasirika, kwa kuwa kwake yeye wizi umetokea kweli. Bora mke wa kijana aseme, «Pole mama, njoo tuitafute pamoja,» na mume asimame na mkewe asimwache peke yake na tuhuma ile. Vitu vya mavyaa viwekwe mahali pamoja siku zote, taa iwashwe usiku njiani kuelekea chooni, na mtu asali kando yake amwongoze hesabu ya rakaa.

Lakini tahadhari moja ni muhimu. Si kila usahaulifu wa mzee ni wa uzee. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ana maambukizi ya mkojo au ya kifua, au ameishiwa maji mwilini, jambo lisilo geni katika jua hili letu la kaskazini. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa. Na hata aliyesahau polepole apimwe, kwani upungufu wa vitamini B12 na ugonjwa wa tezi la shingo hupunguza kumbukumbu, nayo yote mawili yana dawa.

Hulka na hisia: aliyebadilika baada ya ajali

Mbele ya hipokampasi kuna kiungo mfano wa lozi, nacho huitwa amigdala. Ndicho king'ora cha ubongo: hutambua hatari na kuamsha hofu na ghadhabu kabla mtu hajafikiri. Anayekizuia king'ora hicho ni sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo inayopima matokeo, inayomzuia mtu asiseme kila linalomjia, na inayompangia siku yake. Sehemu hii ndiyo ya mwisho kukomaa, kwani huendelea kujengeka hadi mtu kupita kidogo umri wa miaka 20. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayekurupuka ahitaji mipaka na subira pamoja.

Kisa mashuhuri kuhusu sehemu hii ni cha Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na umri wa miaka 25, baruti ililipuka na kurusha nondo ya chuma ikapenya chini ya shavu lake la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Alisema na kutembea siku ile ile. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kuwa mtu yule aliyekuwa mtaratibu alikuwa sasa mwenye papara na matusi, hata rafiki zake wakasema si Gage waliyemjua. Kisa hiki kina mwisho ambao hausimuliwi sana: baadaye alifanya kazi miaka kadhaa nchini Chile akiendesha magari ya farasi, kazi inayohitaji utaratibu na uangalifu. Basi kudhurika si lazima kuwe ni kupotea moja kwa moja. Kazi ya kila siku yenye mpango humsaidia aliyejeruhiwa kujijenga upya.

Hapa Isiolo, bodaboda ni miguu yetu. Vijana wetu huanguka katika barabara ya Moyale na ndani ya mji, wengi bila kofia ngumu. Mfupa ukivunjika huonekana, hutiwa plasta, na jamaa huja kumjulia hali. Ubongo uliopondeka hauonekani. Baada ya miezi miwili kijana anarudi kazini, lakini hasira ni za ghafla, usingizi umeharibika, fedha anazitawanya, na maneno asiyoyatamka kabla sasa anamtamkia mkewe. Familia hukaa barazani kumuonya, na haisaidii, kwa kuwa kile kinachopokea maonyo ndicho kilichojeruhiwa.

Si kazi ya makala haya kutoa fatwa. Lakini tunawausia akina mama na mawalii: ikiwa ugomvi wa ndoa, au neno la talaka, limekuja baada ya jeraha la kichwa, Kadhi aelezwe habari ya ajali tangu mwanzo, na vyeti vya hospitali viletwe. Wanafiqhi wetu wameifanya akili kuwa sharti la mtu kubebeshwa wajibu, na hali ya akili ni jambo la kuchunguzwa, si la kudhaniwa. Wala hatusemi kuwa mke avumilie kupigwa. Maradhi ya mume hayahalalishi dhuluma, na mke na watoto wawekwe mahali pa salama wakati mume anatibiwa.

Degedege na kifafa: funzo kutoka Kilifi

Wazee wetu wa pwani walimwona mtoto akitetemeka wakasema ni dege, ndege wa kiroho aliyempitia juu. Jirani zetu Wamijikenda wakamwita nyuni. Huku kaskazini wengine hutaja majini, na Waborana hutaja ayana. Majina ni mengi, na hofu ya mama ni moja.

Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, ilianzisha kazi ya utafiti mjini Kilifi. Watafiti wa huko wamesoma kwa miaka mingi yale yanayotokea ndani ya ubongo wa mtoto mwenye malaria kali. Chembechembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuizuia. Mtoto hushikwa na degedege, kisha huzimia. Walipowafuatilia walionusurika, walikuta kuwa karibu mmoja katika kila wanne alibaki na upungufu fulani: huyu usemi, yule kumbukumbu, mwingine harakati, mwingine akapata kifafa. Kila mmoja kwa kadiri ya sehemu ya ubongo wake iliyoguswa.

Degedege nyingine huletwa na homa tu, na hupita bila kuacha athari. Lakini mama hawezi kujua nyumbani ni ipi, wala mimi siwezi, wala mganga hawezi. Kipimo cha damu ndicho kitakachojua. Mtoto mwenye homa aliyeshikwa na degedege apelekwe hospitali siku ile ile, si baada ya kuzungushwa kwa waganga siku tatu.

Ama kifafa, ni umeme wa ubongo unaofurika kwa ghafla. Ukifurika kila mahali, mtu huanguka na kutetemeka. Ukifurika mahali pamoja, dalili hufuata mahali hapo: mkono mmoja kurukaruka, harufu isiyokuwapo, hofu isiyo na sababu, au mtu kukodoa macho akitafuna kitu kisichopo. Hizi za mwisho ndizo zinazodhaniwa zaidi kuwa pepo. Tafiti za Kilifi zimeonyesha kuwa zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Na Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hadi watu 7 katika kila 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vyema. Dawa kama fenobabitali ni za bei nafuu. Kifafa hakiambukizi, na binti mwenye kifafa ana haki ya kusoma na kuolewa.

Mtu akianguka, mlaze ubavu, muwekee kitu laini chini ya kichwa, muondolee vitu vya hatari, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Tazama saa. Ikipita dakika 5, au akirudia kabla hajazinduka, ni dharura. Na mjamzito anayeumwa na kichwa sana, akaona ukungu machoni, kisha akaanguka, huyo ana kifafa cha mimba, kinachoambatana na shinikizo la damu. Hana jini wa uzazi. Kila dakika ya kumfukizia ubani nyumbani ni dakika anayoipoteza yeye na mtoto aliye tumboni. Hospitalini ipo sindano ya magnesi salfati, nayo huokoa roho.

Saa za mwanzo

Kwa kiharusi kinachotokana na mshipa ulioziba, wataalamu wamekadiria kuwa seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya ubongo kuonyesha kuwa mshipa haukupasuka. Kwa sababu hiyo msimpe mgonjwa aspirini nyumbani, kwani ikiwa mshipa umepasuka mtamzidishia. Msimpe chakula wala maji mpaka imehakikishwa kuwa anaweza kumeza.

Kila mtu nyumbani, hata mtoto, afundishwe vipimo vitatu. Mwambie atabasamu: je, uso umekwenda upande? Mwambie ainue mikono miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi: je, maneno yamepotoka? Likiwapo moja tu, andika saa zilipoanza dalili na muondoke. Msingoje asubuhi, wala msingoje zipite. Hata zikipita zenyewe, mara nyingi huwa ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

Kwa watu wa Merti, Garba Tulla na Oldonyiro, safari ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Isiolo ni ndefu, na kutoka Isiolo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 270. Umbali huu si hoja ya kukata tamaa, ni hoja ya kujiandaa mapema. Kila kijiji kijue gari litakalotumika usiku na nambari ya dereva wake. Na kinga ni karibu kuliko hospitali yoyote: kila aliyetimiza miaka 40 apimwe shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, chumvi ipunguzwe katika mchuzi, sukari ipunguzwe katika chai, na aliyeandikiwa dawa za presha asiziache kwa kuwa anajiona mzima.

Dua, dawa na mlezi

Huenda msomaji akauliza: je, sheikh anakanusha majini na kusomewa? La. Tunachosema ni kuwa kusomewa dua na kumeza dawa havigombani. Dua husomwa ndani ya gari kuelekea hospitali, na husomwa kitandani hospitalini. Kisichofaa ni dua kufanywa kisingizio cha kuchelewesha tiba, wakati mafunzo ya dini yetu yametuhimiza kutafuta matibabu.

Aliyepooza ataswali kwa kukaa, akishindwa ataswali kwa kulala, na asiyeweza maji atatayamamu. Mwenye kifafa asibadilishe saa za dawa zake kwa ajili ya Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari, kwani kuruka dawa na kukosa usingizi ni miongoni mwa vinavyoamsha kuanguka. Na mzee ambaye akili imemwondoka asikaripiwe kwa swala aliyoisahau.

Neno la mwisho ni kwa wana wa kiume. Mzigo wa kumuuguza mzazi umeachiwa binti na mkaza mwana, usiku na mchana, na huku ndugu hukutana kushauriana na kuondoka. Anayebadilisha shuka saa nane za usiku naye ana ubongo, nao ukikosa usingizi huchoka, husahau na huhamaki. Pangianeni zamu. Wema kwa wazazi umewekwa juu ya kila mwana, wa kiume na wa kike.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azilinde akili zetu na za vizazi vyetu.